Dogo kagongwa na Fuso Makambako, mimi niko Dar: wakili nichukue wa huku au wa kule kule?

Mbagala_Kuu:

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni ushauri wa haraka maana kichwa kimejaa.

Mdogo wangu anaendesha boda Makambako. Wiki tatu zilizopita, mida ya saa 1 jioni, katoka kushusha abiria upande wa mizani anarudi kijiweni, Fuso ya viazi ikawa inaovateki lori la mafuta ikamfuata upande wake ikamchukua. Pikipiki imebaki chuma chakavu. Dogo kavunjika mguu wa kulia mifupa yote miwili chini ya goti, na mkono. Kalazwa hospitali ya misheni huko huko, mguu umefungwa vyuma vya nje, ukimuangalia unaona kabisa misumari minne imetokeza kwenye ngozi, na daktari anasema asitegemee kukanyaga kazini kabla ya miezi 6, inaweza hata kufika 9. Ana mke na mtoto wa miaka 2.

Sasa juzi shemeji kanipigia simu, kuna watu wawili wamekuja wodini, mmoja kajitambulisha ni wa bima, mwingine kijana wa tajiri mwenye Fuso. Wamekuja na sukari kilo 5, juisi boksi moja, bahasha ya laki 8 na karatasi ya kusaini. Dogo kwa yale maumivu alishashika kalamu, bahati shemeji akasema hapa hasaini mtu mpaka kaka yake mkubwa aje. Wakasema haina shida watarudi.

Ishu yangu ni hii. Kuna mtu wa kazini kanipeleka kwa wakili mmoja Posta, ofisi ghorofa ya 9, kiyoyozi mpaka unatetemeka, anataka milioni 2 ya kuanzia na kila akienda Njombe nauli, malazi na posho juu yangu. Mwingine ananiambia acha ujinga tafuta wa kule kule. Mimi nikiangalia naona hiyo kampuni ya bima makao makuu yao yapo Dar, na mimi niko Dar, kwa hiyo wa Dar si ndio rahisi? Au nakosea wapi?

Dereva_Mstaafu:

Pole sana mkuu, mpe pole na dogo.

Kwanza kabisa HAKUNA KUSAINI. Nimeendesha Fuso na baadaye semi miaka 19, hiyo sukari naijua vizuri, mimi mwenyewe nimetumwa kuipeleka. Tajiri anamwambia kijana wake wahi kabla ndugu wa mjini hawajafika, ongea naye vizuri, mwambie tuyamalize kifamilia, kesi za nini. Ukisaini hiyo karatasi, kwa juu inasoma umepokea pesa ya matibabu lakini shuka mistari ya chini kule utakuta umekubali kwamba umelipwa yote na huna madai tena kwa mwenye gari wala kwa bima. Mtu kavunjika mguu, ana dripu mkononi, atasoma saa ngapi? Na asiyejua kusoma anawekewa wino wa dole gumba.

Sukari pokeeni mnywe uji. Karatasi irudi na aliyekuja nayo, ila shemeji aipige picha kwanza.

Chizi_Fresh:

Wakili wa ghorofa ya 9 mkuu, jiandae lifti nayo itakuwemo kwenye bili 😂

Mama_Tunu:

Pole baba. Mimi niko Uyole Mbeya na hilo la wakili wa Dar limenikuta mwenyewe ngoja nikusimulie ujifunze kwetu.

Mume wangu alikuwa abiria kwenye Coaster, ikaacha njia kule Mbalizi ikalala ubavu, yeye akavunjika nyonga. Shemeji yangu wa Dar akatutafutia wakili, jina kubwa, suti, anaongea mpaka unaona kesi umeshashinda. Mara ya kwanza alikuja kwa ndege tukamlipia. Mara ya pili hakuja, akamwomba wakili mwingine wa hapa amshikie, huyo wa kumshikia akasimama mbele ya hakimu hata faili hajalifungua, akamtaja mume wangu kwa jina la mtu mwingine kabisa, nikaona aibu nikaangalia chini. Baada ya hapo ikawa kupigwa kalenda tu. Kesi inaitwa, mwenzetu yuko kwenye kesi nyingine Dar, inasogezwa wiki sita. Inaitwa tena, anaumwa. Sisi kila tarehe tunapanda daladala na mgonjwa mwenye magongo. Siku moja tukachelewa foleni Mafiati na yeye hakutokea, hakimu akaifuta kesi kwa kutohudhuria. Tumefika mlangoni karani anatuambia imeshafutwa mama.

Nililia pale pale kwenye benchi. Ndio kuna kijana mmoja wakili wa hapa Mbeya akanikuta, akauliza kuna nini, akachukua lile faili akaomba kesi irudishwe na ikarudishwa. Sasa hapa ndio nataka unisikilize. Kwenye maelezo ya polisi shahidi mkubwa alikuwa ameandikwa Mama Neema, mfanyabiashara, Mbalizi. Basi. Hamna simu, hamna nyumba, hamna ukoo. Yule wa Dar alikuwa ananiambia huyu shahidi hapatikani tuachane naye. Huyu wa hapa alimtuma karani wake, asubuhi katoka, saa 6 mchana kanipigia mama huyo hapa yuko na sisi, kumbe ni yule anayeuza ndizi pale barabarani na karani ananunua kwake kila wiki. Mama wa watu aliona gari zima linavyokuja, alikuja mahakamani na kitenge chake akaeleza hakimu kwa Kiswahili chake hakuna aliyemyumbisha.

Tulilipwa. Si mabilioni lakini tulilipwa. Sasa mtu wa ghorofa ya 9 Posta atamjua muuza ndizi wa Mbalizi?

Msomi_wa_Kihesa:

Mkuu Mbagala_Kuu, mimi ni wakili, niko Iringa, sitafuti kazi kwako hapa na hata jina langu sikupi, naandika tu kukuweka sawa maana naona umeanza na swali la bima makao makuu wakati hiyo ni ya mwisho kabisa.

Kesi ya kudai fidia ya mwili unaifungua ama mahali ajali ilipotokea ama mahali anapoishi au kufanyia shughuli unayemshtaki. Unapoishi wewe mdai hakuhesabiki, sembuse anapoishi kaka wa mdai. Umesema ajali ni Makambako, na tajiri nahisi ni wa huko huko kama anabeba viazi, kwa hiyo kesi kwa kawaida itasikilizwa Njombe. Na unaowashtaki ni dereva na mmiliki wa gari. Bima anapewa notisi mapema kwamba kuna kesi, na hukumu ikitoka dhidi ya mteja wake ndio sheria inamlazimisha kulipa. Watu wengi wanakimbilia bima mlango wa kwanza wanazungushwa mwaka mzima njoo kesho njoo keshokutwa, na muda unakwenda. Muda wako ni miaka 3 toka siku ya ajali, usije ukadhani ni mingi.

La pili ambalo hakuna mtu kakuuliza. Dereva kashtakiwa? Maana kuna kesi mbili hapa. Kuna ya trafiki ambayo Jamhuri inamshtaki dereva kwa kuendesha kwa hatari, na kuna ya kwenu ya madai. Hiyo ya trafiki ndio mtaji wenu. Mara nyingi dereva anafikishwa mahakamani asubuhi, anakiri kosa, anapigwa faini, tajiri analipa, saa 5 wako barabarani wanapakia viazi vingine na familia ya majeruhi haina hata habari kwamba kesi ilikuwepo. Lakini kule kukiri na ile hukumu, muda wa rufaa ukishapita, kwenye kesi yenu ya madai inachukuliwa kuwa ushahidi wa kutosha kwamba dereva alikosa, hamhitaji tena kubishana nani alikuwa upande wa nani. Sasa nani atajua kesi ya dereva inaitwa lini? Aliyeko pale. Wakili wa Njombe yuko kwenye zile korido kila siku, anasoma ubao wa kesi akisubiri zake, anamuuliza karani, anamuuliza mwendesha mashtaka, anaomba nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri. Wakili wa Dar atasikia baada ya miezi 4.

Na ukiwa na wakili wa pale, mchoro wa ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari atavifuata kituoni yeye mwenyewe. Barua ya kutoka Dar inakaa kwenye meza ya mkuu wa trafiki chini ya barua nyingine. Mtu anayekuja na miguu yake mara 3 kwa wiki unaona bora umpe aondoke.

Kuhusu kufungua kesi kweli siku hizi ni kwa mtandao, anaweza kufungua hata akiwa Kigamboni. Ila shahidi hapandishwi kwenye mtandao akiwa hajapatikana.

Kamwene_Njombe:

Kamwene wakuu. Mimi mzaliwa wa Njombe mjini, naunga mkono mengi ila ngoja niweke chumvi kidogo maana mnaongea kama vile wakili wa kwao ni malaika.

Mji wetu mdogo. Matajiri wa viazi na mbao wanahesabika, na mawakili wanahesabika, na baa wanazokaa zinahesabika zaidi. Kuna mwanasheria pale mjini mikataba yote ya mashamba ya tajiri mmoja anaandika yeye, harusi ya binti wa tajiri alikuwa mwenyekiti wa kamati. Wewe mtu wa Mbagala utaingia ofisini kwake unamueleza siri zako zote, unamwambia tuko tayari kushuka mpaka milioni kadhaa, jioni wanakula sahani moja. Sisemi atakuuza, nasema utajuaje?

Kwa hiyo ukifika usianze na hadithi. Anza na swali, mheshimiwa mwenye gari hili ni fulani, je umewahi kumfanyia kazi yeye au kampuni yake au ndugu yake? Wakili wa maana atakwambia pale pale ndiyo siwezi kuichukua, nenda kwa fulani. Anayeanza kuzunguka zunguka nyanyuka. Na kama wote unawaogopa, chukua wa Iringa au Mafinga, bado ni jirani, wanakuja Njombe na kurudi siku hiyo hiyo kwa basi.

Halafu mwenye jina kubwa si lazima. Kuna vijana wana miaka 3 au 4 kwenye kazi wana njaa ya kushinda, hao ndio wanaoenda mpaka porini kumtafuta shahidi.

Tajiri_Mtoto:

Nyie mnampoteza mwenzenu. Kesi miaka 3 mpaka 5, wakili anakula, karani anakula, mwisho wa siku unapata karatasi imeandikwa umeshinda. Bora akae na huyo tajiri amwambie leta milioni 3 tumalize, dogo afungue genge maisha yaendelee.

Dereva_Mstaafu:

Tajiri_Mtoto jina lako limekusaliti 😀

Kumalizana si dhambi, kesi nyingi zinaishia hivyo hivyo mezani. Lakini huwezi kumalizana wiki ya tatu mguu bado una misumari. Unajuaje kama utaunga vizuri? Nilimshuhudia tanboi wangu kapokea laki 6 akasaini, miezi 5 baadaye mfupa umeingia usaha wakafungua upya mara 2, akaenda kwa tajiri anachechemea akaonyeshwa karatasi yake. Mpaka leo anauza karanga stendi. Ngoja daktari aandike kilema ni asilimia ngapi ndio mzungumze bei, na azungumze wakili, siyo shemeji wodini.

Mbagala_Kuu:

Wakuu asanteni sana, mnanifumbua macho. Nimempigia shemeji, picha ya ile karatasi hana, waliondoka nayo.

Sasa naomba niseme ukweli maana humu mmenisaidia. Dogo hana leseni. Alikuwa anafuatilia, hakuwa nayo bado. Helmeti alikuwa amevaa. Na pikipiki siyo yake, ni ya mkataba, anapeleka hesabu elfu 10 kwa siku na alikuwa amebakiza miezi 3 iwe yake. Mwenye pikipiki ananipigia mimi simu sasa hivi anataka hela yake. Hii si ndio imeharibu kila kitu?

Dereva wa Fuso sijui kama kashtakiwa. Kwa kweli sikujua hata kama kuna kesi mbili.

Msomi_wa_Kihesa:

Haijaharibu. Kutokuwa na leseni ni kosa lake yeye na Jamhuri, anaweza kushtakiwa kwa hilo, lakini swali la kesi ya madai ni nani alisababisha ajali. Aliyekuwa upande wake akafuatwa na gari linaloovateki hajasababisha ajali kwa kukosa kadi ya leseni. Watalipiga kelele sana hilo la leseni, watasema na yeye alichangia, na hakimu akiona alichangia kweli anaweza kupunguza fidia, lakini kupunguza siyo kufuta. Ila usimfiche wakili wako. Mimi kesi zilizonitoa jasho ni zile ambazo mteja alinificha kitu nikakisikia kwa mara ya kwanza kwa wakili wa upande wa pili huku nimesimama.

Mkataba wa pikipiki utunze kama dhahabu. Na lile daftari la hesabu kama lipo ndio kabisa. Kwenye fidia kuna fungu la hasara unayoweza kuihesabu, dawa, nauli, kipato kilichopotea, na hilo unathibitisha shilingi kwa shilingi, risiti hakuna pesa hakuna. Kuna fungu lingine la maumivu na kilema ambalo hakimu anapima mwenyewe. Wengi wanakwama kwenye lile la kwanza. Mtu anasema nilikuwa naingiza elfu 30 kwa siku, anaulizwa uthibitisho, anaangalia dari. Dogo akiwa na daftari lenye saini ya mwenye pikipiki kila siku elfu 10 imepelekwa, hapo tayari umeonyesha alikuwa na kazi na ilikuwa inaingiza zaidi ya hiyo elfu 10. Na mwenyekiti wa kijiwe chao aje aseme wenzake wanapata ngapi kwa siku. Mwenye pikipiki badala ya kugombana naye mwambie awe shahidi, na yeye kapata hasara, aonane na huyo huyo wakili.

Kitu kingine, ingia kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, uweke namba ya ile Fuso, utaona bima yake ni kampuni gani na inaanza lini inaisha lini. Piga picha ya kioo cha simu uhifadhi. Na wakili atafute TRA gari limesajiliwa kwa jina la nani, maana magari yetu haya yanauzwa kwa kupeana funguo, utakuja kumshtaki tajiri kumbe kadi bado ina jina la aliyemuuzia miaka 6 iliyopita.

Kamwene_Njombe:

Mmesahau mizani. Ajali imetokea jirani na mizani Makambako. Kama ile Fuso ilipima jioni ile basi kuna rekodi ya namba ya gari, saa na uzito. Fuso za viazi tunazijua zinavyofungwa lumbesa mpaka kamba zinalia. Kama ilizidisha uzito hilo ni jambo la kusema mbele ya hakimu. Wakili mgeni hawezi hata kuwaza hili, atafikiri mizani ni ya mahindi 😂

Mkongwe_Houston:

Salamu toka Texas. Huku ukigongwa tu hata ambulensi haijaondoka unaona mabango barabarani ya mawakili, wanachukua kesi bila hela ya kuanzia halafu wakishinda wanabeba theluthi, wakati mwingine zaidi ya hapo. Na leseni ya wakili ni ya jimbo, wa jimbo lingine hasimami mahakama za hapa hivi hivi tu. Muda wetu wa kufungua ni miaka 2. Mimi niligongwa nikachukua wa mtaani kwetu anayewajua mpaka madaktari wa mifupa wa hapa na bima walivyo, nilimuona ana kwa ana kila nilipotaka, mwenzangu alichukua wa kwenye bango kubwa akawa anaongea na sekretari mwaka mzima.

Chizi_Fresh:

Theluthi! Kumbe hata Marekani kuna hesabu ya mkataba kama boda

Mama_Tunu:

Baba usisahau suala la pesa inapitia wapi. Jirani yangu alishinda kesi, bima ikalipa kwa wakili, wakili akasema bado wanashughulikia, miezi 8 bado wanashughulikia, kumbe hela ilishaingia siku nyingi. Andikianeni. Unalipa ngapi mwanzo, ngapi mwisho, nauli nani, na hela ikiingia ndani ya siku ngapi anakupa na hesabu ya karatasi. Na kila unachompa akupe risiti.

Msomi_wa_Kihesa:

Mama Tunu kasema kweli na inauma kusikia, lakini ndivyo.

Nyongeza, hakiki huyo mtu ni wakili kweli. Mahakama wana mfumo unaitwa e-Wakili, unaandika jina lake unaona kama yupo kwenye orodha na kama leseni ya mwaka huu kaihuisha. Njombe kama kwingine kuna vishoka wanakaa nje ya mahakama na bahasha ya kaki kwapani, wanajua vifungu kuliko mimi, lakini hawaruhusiwi kusimama. Na mkiwa hamna uwezo kabisa muulizie msaada wa kisheria halmashauri, kuna sheria ya 2017 inayowatambua wasaidizi wa kisheria, watakuandalia japo nyaraka na kukuelekeza bila malipo. Bima akianza kuzungusha, TIRA wana ofisi ya kanda Mbeya, na yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye kwake hulipii kitu.

Kuhusu wa Posta, sijasema ni mbaya. Ikifika siku ya kukaa na watu wa bima makao makuu, wakili wako wa Njombe anaweza kumuomba mwenzake wa Dar apeleke barua au ahudhurie kikao kimoja. Hiyo ni bei ya kikao kimoja. Kinyume chake unalipia basi, hoteli na posho kila kesi inapotajwa, na kutajwa ni dakika 4.

Pemba_Peku:

Mkumbuke na sisi huku Zanzibar sheria zetu na mahakama zetu mbali, na chama cha mawakili chetu mbali. Wakili wa Bara hasimami huku kwa leseni ya Bara. Nalisema kwa sababu nishaona watu wamegongwa Unguja wanakwenda kulipa wakili Dar.

Mbagala_Kuu:

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Nimefanya mlivyosema. Kuna wakili wawili nimewapigia Njombe. Wa kwanza nilipomtajia tu jina la mwenye Fuso akanyamaza kidogo, akasema ndugu yangu huyo ni mteja wangu, siwezi, kanipa namba ya mwenzake. Nilimheshimu. Wa pili ni dada mmoja, nimemuangalia e-Wakili yupo na leseni yake iko hai. Hajaniuliza hela kwanza, kaniuliza PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iko wapi na nani aliichukua. Halafu kaniambia nikate simu, baada ya saa moja na nusu kanipigia, dereva alishafikishwa mahakamani mara moja na kesi yake inatajwa Jumatano hii saa 3 asubuhi. Yaani sisi tulikuwa hatujui kabisa! Kataka laki 4 ya kuanzia, mengine tuandikiane nikifika.

Wale jamaa wa bahasha walirudi jana. Shemeji kawaambia wakili wetu atawatafuta. Anasema yule wa bima akaiweka kalamu mfukoni wakaondoka bila hata kuaga, na safari hii hawakuja na sukari.

Nimeomba ruhusa kazini nakata tiketi ya kesho alfajiri, nitashuka Makambako nimuone dogo kwanza, nichukue daftari la hesabu, Jumatano asubuhi nipande gari za Njombe. Kuna mtu anajua gesti ya bei ya kawaida karibu na mahakama, nikiona bora niende kulala huko Jumanne?

Kamwene_Njombe:

Njoo inboksi nikupe namba ya gesti. Na mkuu, huu ni mwezi wa 7, usije na hiyo tisheti ya Mbagala. Beba koti, soksi pea 2, na hiyo saa 3 asubuhi usishangae hakimu mwenyewe akiingia na skafu.